Priampu ya gharama au chumba: kipi kinabadilisha vokali unayorekodi geto?

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna swali linarudi kila mara kwa vijana wanaorekodi nyumbani hapa Dar, kuanzia Mbagala hadi Tegeta: "Nina saundi kadi ya kawaida (kile kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta), vokali zangu, yaani sauti za kuimba, hazina uzito, nichukue priampu gani?" Majibu yanayomiminika humtuma kijana kukopa au kuuza kitu ili anunue boksi, wakati kinachomharibia kazi kiko ndani ya kuta nne anazoimbia. Linaniuma, maana pesa hiyo kwa wengi ni kodi ya miezi kadhaa. Naomba tulijadili kwa hesabu, halafu mwenye uzoefu tofauti aje nao.

Tuanze na kazi ya priampu. Maiki inatoa umeme mdogo mno. Watengenezaji huipima kwa sauti ya desibeli 94, ambayo haiko mbali na mtu anayeimba karibu na maiki. Kwa sauti hiyo Shure SM58, ile inayoonekana kwenye kumbi na makanisa mengi ya mjini, inatoa milivolti 1.85 hivi. SM7B, maiki nyingine ya Shure, inatoa milivolti 1.12. Kondensa, yaani maiki inayohitaji kupewa umeme ili ifanye kazi, kama Rode NT1-A, inatoa 25. Umeme huo lazima ukuzwe kabla kompyuta haijaugeuza kuwa namba, na kinachoukuza ndiyo priampu. Kila saundi kadi yenye tundu la XLR (lile la maiki, la pini tatu) inayo ndani yake. Nalisema mapema kwa sababu wapo wanaoamini hawana priampu kabisa mpaka wanunue ya pembeni.

Sasa ubaya wa kwanza ambao priampu inaweza kuleta ni kelele ile ya "shhh". Kwenye karatasi za vifaa imeandikwa kwa kipimo cha EIN, yaani kelele ya priampu ikihesabiwa pale maiki inapoingilia, kwa dBu ambazo ni desibeli za umeme; namba ikizidi kuwa hasi, kelele ni ndogo zaidi. Priampu za saundi kadi za Focusrite Scarlett kizazi cha 3, kwa mfano, zimeandikwa -128 dBu. Chukua SM7B, maiki ngumu kuliko nyingi kwa sababu sauti yake iko chini. Kwenye desibeli 94 inatoa karibu -57 dBu. Toa moja kwa nyingine, unapata kwamba mwimbaji yuko desibeli 71 juu ya kelele ya priampu. Irudishe hesabu hiyo hewani: 94 toa 71 ni 23. Yaani kelele ya hiyo priampu ya saundi kadi ya kawaida ni sawa na chumba chenye utulivu wa desibeli 23.

Nyumba tulivu ya kawaida, feni imezimwa na madirisha yamefungwa, inacheza desibeli 30 hadi 40. Hapo bado hujaongeza bodaboda inayokatisha uchochoroni, friji ya jirani, na jenereta umeme ukikatika. Chumba chako cha desibeli 35 kimeshaifunika priampu kwa desibeli 12 kabla hujaanza kufikiria kununua nyingine.

Tuseme una pesa isiyo na mwisho. Unaweza kushuka mpaka wapi? Waya ulio ndani ya maiki yenyewe, ukiwa na ukinzani wa omu 150, una kelele yake ya joto ambayo hakuna fundi anayeweza kuiondoa: karibu -131 dBu, au kama -133 ukipima kwa kichujio cha A, kinachoiga sikio la binadamu, ambacho ndicho hutumika kwenye karatasi nyingi. Kutoka -128 mpaka -133 ni desibeli 5. Hizo tu ndizo ambazo priampu iliyo bora kuliko zote duniani inaweza kukuongezea upande wa kelele, na zinabaki zimezikwa chini ya kelele za chumba chako.

Kwa kondensa habari ni nzito zaidi. NT1-A kwenye desibeli 94 inatoa karibu -30 dBu. Rudia hesabu, kelele ya priampu inakuwa sawa na desibeli -4 hewani. Maiki yenyewe ina kelele yake ya ndani ya desibeli 5, nayo inahesabika kati ya maiki tulivu kabisa sokoni. Maiki imeshaifunika priampu hata kabla chumba hakijasema neno.

Basi kwa nini vokali inasikika kama imeimbwa ndani ya pipa? Angalia vyumba vyetu. Tofali za saruji, plasta iliyolainishwa, marumaru chini, gipsamu juu, dirisha la aluminiamu na kioo. Piga kofi katikati ya chumba usikilize linavyogongana ukuta kwa ukuta. Kila neno la mwimbaji linafanyiwa hivyo hivyo, kisha kompresa (ile inayosawazisha sauti kubwa na ndogo) inakuja kuyanyanyua yale marudio mpaka mbele. Hapo ndipo uzito wa sauti unapotea.

Na kuna kosa ninaloliona geto nyingi: sponji zimebandikwa ukutani nyuma ya maiki, nyuma ya mwimbaji ukuta uko mtupu. Maiki zetu nyingi zinasikia mbele na hazisikii nyuma. Zinapotazama kinywa zinatazama pia ukuta ulio nyuma ya kichwa chake. Godoro likae huko, nyuma ya mwimbaji, na lingine pembeni ikiwezekana. Blanketi zito la mtumba linasaidia kuliko sponji nyembamba zenye vinundu, kwa sababu zile zinanyonya sauti kali tu na kuacha mvumo wa chini ulivyokuwa.

Kisha umbali. Ukimsogeza mwimbaji kutoka sentimita 40 hadi 20, sauti yake inaongezeka desibeli 6 kwenye maiki huku mwangwi wa chumba ukibaki palepale. Priampu haina uwezo huo hata iwe ya bei gani, kwa kuwa inakuza vyote vinavyoingia, sauti na mwangwi kwa pamoja.

Anayebisha afanye jaribio hili usiku, halina gharama. Weka geini (kiwango cha kukuza sauti) unayorekodia siku zote. Rekodi nusu dakika ya ukimya maiki ikiwa kwenye stendi. Halafu, bila kugusa geini, ifunge maiki kwa duveti na mablanketi, iingize kabatini katikati ya nguo, funga mlango, rekodi tena nusu dakika. Linganisha. Kelele ikishuka sana, uliyokuwa unaisikia ni ya chumba. Ikibaki vilevile ndiyo uanze kuishuku maiki, kebo, umeme, au priampu.

Nawasilisha. Wenye priampu za kweli nawaomba sana mje, sitaki uzi wa upande mmoja.

#2 Fundi_Kijitonyama

Mkuu, hesabu yako ya kelele siipingi. Ila umeipima priampu kwa kitu ambacho sisi tunaozitumia hatukuzinunulia.

Priampu yenye transfoma, ya ukoo wa Neve 1073, priampu maarufu ya studio iliyoanza mwaka 1970, hatuinunui kwa ajili ya ukimya. Ina transfoma pa kuingilia na pa kutokea, na ukiisukuma geini chuma kile kinaanza kuongeza sauti ndogondogo juu ya sauti ya asili, hasa kwenye besi. Vokali inanenepa kidogo, herufi kali zinalainika. Unafika kwenye miksi unagundua hukuhitaji kugusa ikwalaiza (ya kupandisha na kushusha besi na sauti kali) sana.

Jambo la pili ni tabaka. Wimbo wa Bongo Fleva siku hizi una vokali kuu, dabo (sauti kuu iliyoimbwa tena juu yake), vitikio, adlibu (vionjo vya pembeni). Unaweza kufika trakti 16 za sauti, yaani rekodi 16 zinazopigwa kwa pamoja, bila kujua. Kelele ya trakti 16 zilizorekodiwa kwa kifaa kilekile haibaki ilivyokuwa kwenye moja, inapanda desibeli 12. Tofauti ndogo inakuwa kubwa.

Na la tatu: mwimbaji akivaa hedifoni akajisikia mnene, anaimba vizuri zaidi. Hilo halipimiki kwa EIN.

#3 Biti_Manzese

Kwa upande wa singeli sina la kubishana. Biti inakimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, emsii anapiga kelele sentimita mbili kutoka kwenye maiki ya dainamiki (isiyohitaji umeme, kama SM58), na sauti tunaichoma makusudi. Hapo geini iko chini kabisa. Sijawahi kumsikia mtu kwenye kigodoro, ile sherehe ya mtaani, anauliza priampu.

#4 Mleta uzi

Fundi, ahsante kwa kuja na hoja zenye mashiko. Nichukue moja moja.

Tabaka: hesabu yako ni sahihi, kila ukizidisha trakti mara mbili kelele inapanda desibeli 3, kwa hiyo 16 ni 12. Lakini kelele ya chumba nayo inapanda hivyohivyo, sambamba, na ilikuwa juu toka mwanzo. Hata kabla ya kelele kuna mwangwi. Chumba ni kilekile, mwimbaji kasimama palepale, kwa hiyo ule mlio wa pipa unajirudia kwenye trakti zote 16 mahali palepale pa masafa, na unajijenga. Hoja ya tabaka ukiifuata mpaka mwisho inakurudisha kwenye godoro.

Transfoma: hapa nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Rangi, yaani huo unene ambao transfoma inauongeza, ipo. Ila tuwaambie vijana ukubwa wake. Ukiitumia priampu ya aina hiyo kwa kiwango cha kawaida, inachoongeza ni chini ya asilimia moja, sehemu ndogo kabisa. Rangi unayoizungumzia inatoka pale unapoisukuma geini juu kisha ukashusha mlango wa kutokea. Anayeinunua halafu akaiweka geini salama kama ya saundi kadi, amelipia sauti asiyoitumia. Na moduli halisi ya 1073 ni maelfu ya dola.

La hedifoni nalipa heshima kamili. Mwimbaji anayejisikia vizuri anaimba vizuri, hiyo ni robo tatu ya kazi. Lakini unaweza kumpa unene huo kwenye hedifoni kwa ikwalaiza na kompresa ya programu, na rivabu (mwangwi wa kutengeneza) kidogo, bila kuirekodi.

Biti, umesema kweli tupu. Chanzo kikiwa na nguvu na kikiwa karibu, suala linakwisha.

#5 Podikasti_Sinza

Habari zenu kaka zangu. Mimi siimbi, nina kipindi cha mazungumzo, nimenunua SM7B kwa sababu kila mtu anayo. Saundi kadi yangu ni ya zamani kidogo. Nikiweka geini hadi mwisho bado sauti iko chini, na nikiinyanyua kwenye kompyuta nasikia "shhh". Nimeambiwa ninunue kile kiboksi cha kuongeza geini. Je, ndiyo priampu mnayoizungumzia? Na kinasaidia kweli au ni maneno?

#6 Mleta uzi

Dada karibu. Hali yako ni kati ya zile chache ambazo kifaa kinaweza kuwa jibu, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

SM7B inahitaji geini kama ya desibeli 60 ili ikae vizuri. Saundi kadi nyingi za miaka ya nyuma zinaishia 50 na kidogo. Hata Scarlett 2i2 ya kizazi cha 3 mwisho wake ni 56. Ya kizazi cha 4 inafika 69. Na wewe unaongea, huimbi, kwa hiyo umepoteza desibeli nyingine nyingi palepale mdomoni.

Kile kiboksi, Cloudlifter na wenzake kama FetHead, kinachukua umeme wa fantomu wa voliti 48 kutoka kwenye saundi kadi na kuongeza geini ya desibeli 25 au 27 karibu na maiki. Kinasaidia kweli pale ambapo priampu yako inaanza kuchafuka ikifika mwisho wa geini, jambo la kawaida kwenye vifaa vya bei ya chini. Kama priampu yako ina -128 na haichafuki mwishoni, kiboksi kitakupa sauti kubwa lakini uwiano wa sauti na kelele hautabadilika sana. Shure wenyewe walitoa SM7dB mwaka 2023, ni SM7B ile ile iliyo na priampu ndani ya desibeli 18 au 28. Anayeanza upya anaweza kuifikiria.

Kabla ya kutoa pesa fanya mambo mawili. Isogelee maiki, vidole vitatu au vinne tu kutoka mdomoni. Imetengenezwa kwa matumizi hayo na ina kinga ya pumzi. Halafu hakikisha programu yako inarekodi kwa biti 24 (undani wa namba zinazobeba sauti). Ukiwa na biti 24 hakuna dhambi kurekodi chini kisha ukanyanyua baadaye, kwa kuwa nafasi yake ya kinadharia kati ya sauti kubwa kabisa na kelele yake ni desibeli 144 dhidi ya 96 za biti 16. Kilele kikigusa -12 kwenye mita ya programu kinatosha kabisa. Wengi wanasukuma geini mpaka taa nyekundu kwa mazoea ya kanda za zamani.

Baada ya hapo fanya jaribio la kabati. Ikiwa "shhh" inabaki kabatini, nunua kiboksi kwa moyo mweupe.

#7 Mwanakwaya_Ukonga

Bwana asifiwe wapendwa. Sisi ni kwaya, tunataka kurekodi wenyewe kanisani badala ya kwenda studio kuimba watu wawili wawili. Watu 30 na zaidi. Maiki zitakaa mbali, mita 3 hivi. Hapo nadhani priampu nzuri ni lazima, si ndiyo? Tuna kondensa mbili za AT2020.

#8 Mleta uzi

Amina. Hili swali nalipenda kuliko yote humu, maana kwaya zetu nyingi zimepoteza sauti ya umoja wake studio. Ukimrekodi mtu mmojammoja kwenye kijichumba kisha ukawapanga, unapata watu wengi, hupati kwaya. Wazee wetu wa muziki wa dansi, NUTA Jazz, Mlimani Park na wengine, walirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na kanda zile mpaka leo zina pumzi ya watu waliosikilizana.

Sasa hesabu. Umbali unafanya sauti iwe ndogo, na mtu yeyote angedhani priampu ndiyo itakayoumia. AT2020 inatoa milivolti 14 hivi kwenye desibeli 94, karibu -35 dBu. Kwa priampu ya -128, kelele yake hewani ni sawa na desibeli 1. Kelele ya ndani ya AT2020 yenyewe ni desibeli 20. Umeona? Maiki ina kelele nyingi kuliko priampu kwa desibeli 19. Mkibadilisha priampu hamtasikia tofauti. Mkiazima jozi ya kondensa zenye kelele ndogo, za desibeli 5 mpaka 7, mtaisikia kwenye pumziko kati ya beti.

Lakini kwanza mshughulikie kanisa. Zimeni mapangaboi yote na kiyoyozi, hata kwa joto la Januari. Imbeni wimbo mmoja, washeni, pumzikeni, zimeni tena. Chagueni usiku mzito. Alfajiri Dar ina jogoo, adhana na daladala za kwanza. Paa likiwa la bati angalieni mawingu, maana mvua ikianza kazi imekwisha. Majukwaa ya mbao yanayolia yatandikwe mazulia.

Kisha msogee. Mita 3 ni nyingi kwa kanisa la marumaru. Anzeni na mita 2, maiki zikiwa juu ya usawa wa vichwa zikitazama chini kwenye safu ya katikati, mrekodi ubeti mmoja, msogeze nusu mita, mrekodi tena. Mtasikia mahali ambapo maneno yanaeleweka na bado jengo linaimba nanyi. Sauti ya nne ikizidi, msiguse geini, warudisheni hatua moja nyuma. Wapangeni watu mpaka mlingano upatikane hewani.

Jambo moja la umeme. Laptopu itumie betri wakati wa kurekodi. Chaja nyingi zinaingiza mlio mwembamba, na kama jengo halina waya wa erthi ulio sawa mtapata mvumo wa hezi 50 ambao watu wataulaumu kuwa ni wa priampu.

#9 Fundi_Kijitonyama

Hilo la mvumo naliunga mkono kwa nguvu zote. Vifaa ninavyoletewa kwa madai kwamba "priampu imekufa", kwa sehemu kubwa priampu ni nzima. Ni kebo. Mtu ana maiki ya XLR lakini kebo upande wa pili ina jeki, anaichomeka kwenye tundu la gitaa. Hapo amepoteza ulinzi wa waya pacha unaofuta mvumo, amepoteza umeme wa fantomu, na mara nyingi hata priampu yenyewe ameiruka. XLR kwa XLR, wakuu.

Na hewa yetu ya pwani. Kondensa ikikaa wazi kwa unyevu huu inaanza kupasuapasua sauti, ptk ptk. Ihifadhi kwenye boksi lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Ikipasua, iweke mahali pakavu siku nzima kabla hujaitangaza mbovu.

Ila mleta uzi, nikurudishe kwenye rangi. Unaniambia tofauti ni ndogo. Mimi na wateja wangu tunaisikia kila siku. Wote tunaota?

#10 Mleta uzi

Hamuoti, mkuu. Ila swali ni mnasikia nini. Sikio la binadamu likipewa vitu viwili vilivyo sawa, kimoja kikawa juu hata kwa nusu desibeli, litasema kile cha juu kina "mwili" na "uhai". Priampu mbili hazijawahi kukaa kwenye geini moja kwa kukadiria kwa kidole.

Ukitaka tulimalize hili kwa haki: chukua sauti ya mlio mmoja wa hezi 1,000 kutoka kwenye spika, maiki isiondoke mahali pake, linganisha viwango vya priampu zote mbili mpaka tofauti iwe sehemu ya kumi ya desibeli. Kisha, badala ya mwimbaji kuimba mara mbili, pitisha wimbo uleule uliorekodiwa kwenye spika hiyohiyo, kwa sababu binadamu haimbi mara mbili sawa na tofauti ya pumzi yake itazidi tofauti ya vifaa. Mpe mtu mwingine abadilishe majina ya mafaili. Usikilize ukiwa hujui ipi ni ipi, siku mbili tofauti.

Naamini kwa transfoma iliyosukumwa sana utaitambua. Kwa priampu safi mbili za bei tofauti, sidhani.

#11 Fundi_Kijitonyama

Haki kabisa. Nina zote mbili ofisini, nitafanya, mafaili nitayaweka hapa bila majina muamue wenyewe.

Na niongeze pale ambapo hesabu haijagusa. Maiki za riboni (zenye utepe mwembamba wa chuma unaotikiswa na sauti), hasa zile za zamani, sauti yake iko chini sana na zinabadilika tabia kulingana na ukinzani wa mlango wa priampu. Ukinzani ukiwa mdogo, ile sauti ya chini na ya juu inalegea. Kanuni ya mafundi ni mlango wa priampu uwe angalau mara tano ya ukinzani wa maiki, na kwa riboni zaidi ya hapo. Huko priampu unaisikia hata ukiwa umefumba macho. Vilevile zeze, marimba ya vidole, gitaa la nailoni linalopigwa kwa kucha taratibu kwa maiki ya dainamiki. Vyanzo vidogo, maiki dhaifu.

#12 Mleta uzi

Nakubali kila neno hapo.

Niongeze kidogo kwa nini za bei ndogo zimekuwa nzuri hivi, maana wapo wanaodhani ni matangazo tu. Focusrite ilianzishwa mwaka 1985 na Rupert Neve, yuleyule wa 1073. Kampuni mama ya Behringer iliinunua Midas, watengeneza mikseta za matamasha, mwaka 2009, ndiyo maana unaona jina la Midas kwenye saundi kadi zao za UMC. Ujuzi uliokuwa kwenye mikseta za studio kubwa umeshuka hadi kwenye chipu ndogo. Haimaanishi ni sauti ileile ya mikseta ya 1970, ila kazi ya kukuza bila kuchafua imeshakuwa rahisi.

#13 Mgeni_Kimara

Wakuu mimi ndiyo naanza. Nilichukua Kariakoo seti ya BM-800, ile inayokuja na stendi ya mezani na kile kimiksa cha V8 cha kupigia laivu. Nimesoma uzi wote. Sasa nina pesa kidogo nimeweka. Ninunue priampu, maiki au saundi kadi? Msinicheke.

#14 Fundi_Kijitonyama

Hakuna wa kukucheka mdogo wangu, wengi wameanzia hapohapo.

Kwenye seti yako maiki inaingia kwa pini ndogo ya simu, inapata voliti chache tu badala ya 48, kisha V8 inapitisha sauti kwenye madoido na kuibana. Hapo kweli priampu ni tatizo, ila dawa yake si priampu ya pembeni. Chukua saundi kadi ya kawaida yenye XLR moja na voliti 48, hata iliyotumika, ukiijaribu kabla ya kulipa: washa fantomu, chomeka maiki, zungusha geini taratibu usikie kama inakwaruza, tikisa kebo kwenye tundu. Hiyo BM-800 yako ukiipa kebo ya XLR kwa XLR na voliti 48 za kweli itakushangaza kidogo, uanze nayo.

Pesa itakayobaki, mablanketi mazito mawili na kamba ya kuyatundika.

#15 Mleta uzi

Fundi amemaliza, sina cha kupunguza. Mgeni, ukipata saundi kadi uje tukusaidie kupanga chumba. Piga picha ya pembe zote nne, na utuambie dirisha liko upande gani na barabara iko umbali gani.

#16 Podikasti_Sinza

Kaka nimefanya la kabati jana usiku. "Shhh" imebaki ileile kabatini. Maiki nimeisogelea, imeboreka, lakini nikinyanyua bado ipo.

#17 Mleta uzi

Basi dada wewe ni wa kiboksi, au ubadilishe saundi kadi kwa yenye geini ya kutosha. Bei zikikaribiana, chagua saundi kadi, maana utapata na milango mizuri ya kutolea sauti. Ukichagua kiboksi, kikae karibu na maiki, si karibu na saundi kadi, ili kebo ndefu ibebe sauti iliyokwisha kukuzwa. Washa voliti 48 baada ya kuchomeka kila kitu, ukiwa umevua hedifoni. Anza geini ikiwa chini, ongea kama unavyoongea kipindini, ukomee pale kilele kinapogusa -12.

Kuna ndugu kaniuliza pembeni, tayari alishanunua priampu ya nje na anaona haina tofauti. Alikuwa ameitoa kwa XLR akaiingiza kwenye tundu la XLR la saundi kadi, yaani priampu ndani ya priampu, na ya pili ndiyo iliyokuwa inaamua mlio. Itoe kwa jeki ya TRS (ile yenye mistari miwili) uingie mlango wa laini, wa sauti iliyokwisha kukuzwa, geini ya saundi kadi iwe chini kabisa. Kwenye saundi kadi nyingi za bei ndogo hata mlango wa laini unapita kwenye priampu ileile baada ya kupunguzwa nguvu, kwa hiyo soma mwongozo wa kifaa chako kwanza. Kama mwongozo unaonesha mlango wa laini wa nyuma unaokwenda moja kwa moja, tumia huo.

Fundi, tunasubiri mafaili.